Moshi wa Mchana

Hestnes, 24 Novemba 1961

Wifi yangu Signe,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha Oktoba kimekuachia kifua chako. Sisi huku tupo. Halvard mgongo unamsumbua lakini hakosi kazini. Torunn ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno anapiga mluzi bila kutaka, na kaka yako anamchokoza amwite paka. Aksel anaongezeka polepole. Nesi alikuja Jumanne, akamsikiliza kifua, akasema bado. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake mapafu yake yanataka joto, na joto lenyewe lisikatike. Akanitazama kama vile baridi naileta mimi mfukoni. Nikamwambia, dada, jiko langu halijazimika tangu Septemba, njoo uliguse.

Jua limeshatuaga mpaka mwishoni mwa Januari. Nimefanya kama kila mwaka: nimeosha vioo vya madirisha, nimetandika zulia jekundu, nimetoa mapazia mepesi, na kila dirisha nimeliwekea taa yake ndogo. Mtu akipita njiani aone nyumba inacheka. Ile nyota yako ya karatasi nimeibandika pembe moja iliyochanika, nitaitundika Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Sasa neno lenyewe. Ni baba yenu.

Tangu mama azikwe amekuwa msahaulifu, hilo unalijua. Lakini wiki hii ameanza jambo jipya. Mimi nawasha, yeye anazima. Nikitoka jikoni kwenda sebuleni nakuta giza, nikirudi jikoni nako giza. Balbu anazifungua anazitia mfukoni mwa suruali, akikaa nasikia zinagongana, roho inaniruka.

Jana nikamuuliza, "Baba, mbona unatuzimia?"

"Unataka watuone?"

"Nani watuone?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mjinga wake mwenyewe. "Binti, zungumza taratibu," akasema.

Nilimweleza Halvard. Akasema ni uzee, mwache, kisha akatoka kwenda kupasua kuni ambazo alikwisha kuzipasua Jumamosi. Ninachojua mimi ni kwamba vita vilipokaribia kwisha, Wajerumani walipoichoma pwani yote hii, nyinyi mlijificha mlimani msimu mzima wa giza. Halvard nikimuuliza anasema, "Kulikuwa na baridi," basi. Yeye alikuwa na miaka kumi, wewe ulimzidi. Niambie, wifi, baba anaogopa nini hasa? Nikijua nitajua namna ya kuzungumza naye.

Wakusalimu wote, pamoja na Torunn anayepiga mluzi.

Wako,
Oddny


Trondheim, 6 Desemba 1961

Oddny mpenzi,

Barua yako ilichukua muda, inaonekana meli ya posta inapiga soga kila bandari. Mimi mzima. Kikohozi kimehamia kwa mwenye nyumba wangu, na anasema ni mimi niliyempa. Dukani hatupumui, watu wote wa Trondheim wamekumbuka kwa mpigo mmoja kwamba Krismasi inakuja na kwamba vivuli vya taa zao ni vibovu. Nauza vivuli vya manjano mpaka ndotoni. Mpe Torunn busu, mwambie shangazi yake naye aling'oka meno na yakaota.

Nimekufungia kipande cha kitambaa cha manjano. Kishonee kivuli taa ya juu ya meza, mwanga utakuwa kama siagi. Weka kioo nyuma ya taa ya dirishani, taa moja itafanya kazi ya mbili. Oka kitu chenye iliki walau mara moja kwa wiki hata kama huna nguvu, nyumba yenye harufu ya iliki haina giza. Ngozi ya kondoo iweke juu ya kiti cha baba. Na mpe kazi za mikono, asuke nyavu, mtu mwenye nyavu mkononi hazimi taa.

Mimi kwangu taa hazizimwi, hata nikilala. Mwenye nyumba amenung'unika mpaka amechoka. Namwambia, bwana, mimi mtu wa kaskazini, nilishakula giza langu lote utotoni.

Uliniuliza jambo. Karatasi imekwisha, wifi.

Nawapenda,
Signe


Hestnes, 17 Desemba 1961

Wifi Signe,

Tunakushukuru kwa kitambaa. Kivuli nimekishona, na kweli meza imekuwa kama siagi kwa muda ambao baba alituruhusu. Halvard anakusalimu. Torunn anakuuliza kama Trondheim nako kuna meno. Karatasi yako, nikuambie ukweli, ilikuwa na upande mzima mtupu. Niliigeuza mara mbili nikidhani wino umefifia.

Nataka nikuchekeshe kwanza, maana na mimi nilicheka, baadaye.

Alhamisi Halvard alikuwa kazini, mimi nimesinzia na mtoto kifuani. Usinilaumu, usiku Aksel hanilazi. Kuamka, sebule imekuwa nyeupe. Baba ametoa mashuka yote vitandani akayapigilia madirishani, kila dirisha la upande wa njiani. Mashuka meupe, Signe! Huku unajua maana yake. Hata sijamaliza kupanda kiti niyatoe, mlango ukafunguliwa, Petra wa jirani huyo, amevaa nguo nyeusi, keki mkononi, machozi yamekwisha kumfika kidevuni.

"Ni mdogo au ni mzee?" akauliza.

"Petra, hajafa mtu."

"Usinifiche, mwanangu. Ni mdogo, eti?"

Aksel akalia wakati huohuo, sauti kama ya mwana-mbuzi. Petra akaketi chini puu, akashika moyo. Halafu akakasirika. "Sasa mnatundika mashuka ya nini? Nimeshawaambia mpaka watu wa dukani! Na keki nimeipasulia mayai yote!" Baba akasimama nyuma ya mlango akamwambia, "Funga, mwanamke, unatoa mwanga nje." Tukaila keki gizani.

Petra alipokwenda ndipo nilipoacha kucheka. Alikuja akilia kwa sababu aliamini ni Aksel, na kijiji kizima kiliamini hivyo, tena upesi. Hakuna aliyesema haiwezekani.

Na kuna jingine. Jumamosi mchana kulikuwa na ule weupe kidogo wa angani unaokuja na kuondoka. Nikarudi kutoka ghalani nikamkuta baba amepiga magoti mbele ya jiko anachota makaa yenye moto kwa sepetu na kuyatia kwenye ndoo ya majivu. Kwa utulivu kabisa, kama mtu anayechota unga. Chumba kilikuwa kimeanza kupoa. Aksel vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikampokonya sepetu. Sijawahi kumpokonya mkwe wangu kitu. Akasema, "Moshi, binti. Mchana hatutoi moshi."

Taa azime tu, nitapapasa. Lakini jiko, wifi, jiko ndilo mwanangu. Baada ya mwaka mpya Halvard anakwenda Lofoten kuvua chewa kama kila mwaka, nitabaki peke yangu nao. Siwezi kulala usingizi na siwezi kutolala. Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii nakuachia upande mzima wa karatasi utakaponijibu: kule mlimani kulikuwa na nini na moshi?

Krismasi njema kwako. Tutakuwekea sahani.

Oddny


Trondheim, 29 Desemba 1961

Oddny,

Nawatakia heri ya mwaka mpya nyote. Mimi sijambo. Sikukuu niliipitisha kwa rafiki yangu wa dukani, tulikula mbavu za nguruwe mpaka tukashindwa kusimama.

Nilizungumza na Halvard kwa simu alipokwenda mjini. Sote wawili tunaona ni afadhali baba aende nyumba ya wazee, na aende mapema, kabla ya mwisho wa Januari. Kule kuna joto, kuna watu wa zamu, na mafuta ya jiko wanayashughulikia wao. Wewe umebeba vya kutosha. Hakuna atakayekunyooshea kidole.

Usiniambie nije. Mimi huko siji msimu huo. Na usiniulize kwa nini, nakuomba kwa heshima yote.

Signe


Hestnes, 8 Januari 1962

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya na kwako. Halvard ameondoka na wenzake salama. Torunn amejifunza kuandika jina lake, amelichora kwenye kioo chenye barafu, na kwenye ukuta pia. Aksel ana mafua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo juu ya mafua yake.

Halvard aliniambia mlivyokubaliana. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwambia nitakavyokuambia na wewe. Baba huyu alinipokea mimi mgeni wa bara, nisiyejua hata kusafisha samaki, akanifundisha bila kunicheka. Mimba ilipotaka kuharibika ni yeye aliyevaa viatu vya theluji akamfuata nesi. Kumtoa nyumbani akiwa hajui hata ni mwaka gani, akaamke mahali asipopajua, sitafanya hivyo. Lakini pia sitamwacha mwanangu apoe. Mawili hayo nimeyashika, hakuna nitakaloliachia. Mkinisaidia sawa. Msiponisaidia, nitajua namna.

Na namna ya kwanza nimeipata. Nimeacha kushindana naye. Nilichukua mablanketi ya jeshi, yale ya kijivu, tukayapigilia madirishani pamoja, mimi na yeye, yeye ameshika misumari mdomoni na Torunn ameshika taa. Hakuna ufa. Akatoka nje, akaizunguka nyumba, akarudi theluji imemjaa mabegani akasema, "Haionekani." Akakaa. Nikasema, "Basi naweza kuwasha ndani?" Akafikiri. "Ndani washa."

Ungeona, Signe! Zile balbu zilitoka mfukoni moja moja. Taa zote nimeziingiza katikati ya nyumba, kivuli cha manjano juu ya meza, vioo vyako, mishumaa kwenye visahani. Mablanketi yanazuia hata upepo, nyumba haijawahi kuwa na joto hivi. Kwa nje sisi ni nyumba pekee yenye giza Hestnes nzima, kama jino lililong'oka. Petra amekuja kuniambia watu wanasema. Nikamwambia wacha waseme, midomo yao isipate baridi. Ndani tunakaa kama ndani ya mkate unaookwa. Torunn anacheza na babu yake karata, babu anaiba, wanapigiana kelele. Ameanza na kula.

Jiko nalo tulielewana. Kila akiliendea ananiuliza, "Ni usiku bado?" Nami nasema, "Usiku, baba." Si uongo. Saa sita mchana, usiku. Saa tisa, usiku. Giza hili ambalo miaka yote nilikuwa napigana nalo, sasa ndilo linalomweka mwanangu hai.

Umeona linakokwenda. Jua linarudi mwishoni mwa mwezi. Kijiji chote kimeanza kujiandaa, duka limeleta jamu, shule watatoka wapande kilimani kulipokea, na kila nyumba itakaanga maandazi ya jua. Torunn anaimba jua jua tangu asubuhi. Mimi kila nikitazama kule kusini, nikaona ule wekundu mwembamba umeongezeka, narudi ndani nakagua misumari ya mablanketi. Je, nitamwambia nini siku atakayoniuliza kama ni usiku na mwanga uko mlangoni?

Wifi, kule mlimani mlitoka siku gani? Ni nani aliyewaambia kwamba imekwisha? Kama kuna neno lililosemwa, nipe neno hilo. Nitalisema.

Ninakungoja wewe, si Halvard.

Oddny


Hestnes, 15 Januari 1962

Signe,

Sina habari zenu, nanyi labda hamna zetu. Dhoruba, meli haijatia nanga. Naandika tu, nitampa wa kwanza atakayesafiri.

Sisi tupo. Torunn mzima.

Leo mchana baba alifungua mlango akasimama kizingitini muda mrefu. Hakukuwa na jua, ila theluji ya mlima wa ng'ambo ilikuwa imegeuka rangi ya waridi. Alikuwa anaivuta hewa puani kama mbwa. Hakuniuliza kama ni usiku. Aliingia, akatazama jiko, akanitazama mimi. Nikampa viazi amenye. Akamenya, lakini macho hayakutoka kwenye jiko.

Aksel akikohoa anakunja magoti. Nesi amesema nimpeleke kwake akizidi, lakini barabara imefungwa na theluji.

Niandikie hata mstari mmoja.

O.


Trondheim, 19 Januari 1962

Mpendwa Oddny,

Barua yako ya tarehe nane imefika leo. Sina salamu ndefu, utanisamehe. Nimerudi kutoka dukani nimekaa na koti langu.

Hakuna neno. Nalitafuta tangu mchana, hakuna. Nitakueleza kilichokuwepo.

Kibanda tulichojificha kilikuwa chini ya udongo, nyuma ya ziwa la juu, paa lake nyasi na theluji. Tulikuwa sisi watoto wawili, mama, baba, na Leif. Halvard hajakutajia Leif. Alizaliwa Novemba mlemle ndani, mimi ndiye niliyeshika taa.

Boti za Wajerumani zilikuwa zikipita ghubani kutafuta waliobaki. Walikuwa wanatafuta mwanga na moshi. Ghuba ya pili waliona moshi, wakapanda, waliokuwemo hawakurudi. Kwa hiyo baba alipiga marufuku. Moto ni usiku tu. Mwezi wa Desemba haikutuumiza, usiku ulikuwa ndio siku yenyewe, tulikaa tumeota moto tukiambiana hadithi. Watu hudhani giza ndilo lililotutesa. Giza lilikuwa mama yetu, Oddny. Lililotuua ni jua. Lilipoanza kurudi, kila siku mwanga ulikuwa mrefu kidogo, na moto ukawa mfupi kidogo. Tulikuwa tunaliona linatunyang'anya.

Leif alianza kukohoa. Mama akasema, washa. Baba akasema, wataona. Mama akasema tena. Baba akatoka nje akakaa juu ya mwamba kulinda, hakuweza kumsikiliza. Ilikuwa siku nzuri, anga safi, theluji inametameta. Aliporudi jioni kuwasha, Leif alikuwa ameshakwenda, mama amemshika ndani ya gauni lake. Baba hakumgusa. Aliwasha moto, akatupikia.

Na hili ndilo lililonifunga mdomo miaka yote: hakukosea. Kesho yake boti ilipita karibu kabisa. Mimi na mumeo tuko hai kwa sababu hakukuwa na moshi. Nimlaumu vipi? Nimshukuru vipi?

Mama hakukaanga maandazi ya jua hata mwaka mmoja, labda uliona. Ndiyo maana siji. Si giza ninalolikimbia.

Sasa nisikie. Usingoje mwanga. Mfunge mtoto kwa blanketi, mwite Petra, mpelekeni mjini kabla jua halijatoka. Baba atalizima jiko, Oddny. Anampenda mtoto huyo, na ndiyo sababu atalizima. Nakusihi.

Signe


Hestnes, 25 Januari 1962

Wifi Signe,

Tupo wote. Naanza na hilo. Dhoruba imekwisha jana, meli inangojwa, kwako bado sijapata kitu tangu mwaka mpya.

Jua limetoka leo.

Petra alimchukua Torunn kilimani na watoto wengine. Nilimwambia baba ni usiku, akakubali, akala uji. Kisha mwanga ukapata njia. Si dirishani, mablanketi yalishika vizuri. Ulipita chini ya mlango, mstari mwembamba wa manjano juu ya zulia. Akauona kabla yangu. Akanyanyuka, akachukua ndoo ya maji ya kufulia, akaimwaga yote ndani ya jiko.

Sijui kama umewahi kusikia jiko la moto likimwagiwa maji. Lilipiga kelele. Mvuke na majivu vikajaa chumba, Aksel akaanza kukohoa. Na mimi nikapiga kelele, Signe, nilimwita baba jina ambalo sitaliandika. Nikamfunga mtoto kwa shali nimkimbize kwa Petra, jiko lake halikosi moto hata akitoka. Baba akasimama mlangoni. Mzee yule bado ni mlango mwenyewe. "Na mtoto hutoki," akasema. "Mwanga wote huu, watamwona." Nikamsukuma. Hakutikisika. Hakunisukuma pia.

Nilikaa chini pale kwenye zulia, mtoto kifuani, nikahisi joto linatoka nyumbani kama maji yanavyotoka kwenye chombo kilichotoboka. Nikajiambia, Oddny, umepiga kelele na haikusaidia. Huyu mtu anafanya kazi ya kumlinda mtoto. Basi mpe mtoto.

Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti chake. Nikamfungua sweta na shati. Akaniacha. Nikamtia Aksel pale ngozi kwa ngozi, nikafunika.

"Mshike wewe, baba. Mikono yangu imepoa."

Alikaa mikono hewani kama mtu aliyepewa kitu cha watu. Kisha akaishusha. Aksel akakohoa, ile ya kukunja magoti, na baba akaisikia tumboni mwake mwenyewe. Akaingiza mkono akatafuta miguu.

"Ana baridi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozima."

Nilisema kavu hivyo, sikutafuta maneno mazuri. Akautazama ule mstari wa mwanga uliokuwa umefika karibu na kiatu chake. Nikawa nasikia pumzi tatu, yake, ya mtoto na yangu.

"Leif," akasema.

Nilitaka kumwambia anaitwa Aksel. Sijui Leif ni nani. Lakini jinsi alivyolitamka jina hilo sikuthubutu kuligusa.

"Washa," akasema.

Na mimi, Mungu anajua kwa nini, badala ya kukimbilia kuni nikamjibu, "Wataona, baba."

"Waone," akasema. "Waone, waje wote. Washa, mwanangu, mtoto anapoa."

Kiti hakuachia na mtoto hakuachia. Alinielekeza akiwa amekaa: chota majivu mabichi yote, futa, magome makavu yako nyuma ya kabati, usijaze, lipe pumzi. Lilitoa moshi mpaka machozi yakatutoka. Akaniamrisha nifungue mlango. Mlango, Signe, yeye mwenyewe. Mwanga ukaingia mpaka ukutani, moshi ukatoka, na baba akautazama ukitoka kwenda nje mchana kweupe. Alikuwa analia bila sauti na anampapasa mtoto mgongo.

Petra aliporudi na Torunn alisema kule kilimani waligeuka wote, wakaacha kutazama jua, wakatazama moshi wetu, mnene kama wa meli. "Nikasema hawa leo wanachoma maandazi," akasema. Sikuwa nimekaanga. Alituletea yake. Baba alikula mawili, Aksel bado shatini, jamu ikamdondokea kichwani.

Amelala sasa, Aksel. Kifua kinafanya kelele lakini ni moto kote, mpaka kwenye kucha. Kesho sijui. Sikudanganyi kwamba najua.

Oddny

27 Januari. Nilikuwa sijaifunga. Meli imefika, na barua yako ya tarehe kumi na tisa iko mkononi mwangu, nimeisoma nimesimama bandarini na glavu mdomoni. Sikujua. Kama ningejua nisingethubutu kumwambia baba neno lile, wataona. La kukujibu nitakuambia uso kwa uso.

Kifua cha Aksel kimelegea kidogo, nesi amepita akiteleza kwa mbao zake za theluji, amesema tuendelee hivihivi. Jana baba alizima taa mbili. Jiko hakuligusa, alikaa mbele yake mchana kutwa akilitia kuni kuliko linavyotaka, na alasiri alikuwa anatuhesabu. Torunn, ndiyo. Mtoto, ndiyo. Halvard yuko baharini, nikamwambia. Akaniuliza, "Na Signe? Ameshaota moto?"

Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo, wifi.